Ushindi wa Harub Mkahawani Wahat al-Uns, Siku Bimdogo Aliposema Ameshiba

Kaeni kitako, enyi wana wa Ibra na Nizwa na Sur, na nyinyi wa Samail mnaopenda kusikia habari za Ibra zikienda kombo. Wanyamazisheni watoto kwa tende, na mwenye simu aizime, kwani nataka kukusimulieni vita ambavyo havikumwaga damu ila mchuzi wa nyanya, ambavyo havikuteka ngome ila sahani moja, na ambavyo shujaa wake alirudi nyumbani na doa la manjano kwenye dishdasha yake nyeupe, doa ambalo mkewe hulisugua na yeye huwaonyesha wageni. Ewe kalamu, simama wima. Na wewe njaa, mfalme usiye na kiti lakini mwenye raia kila nchi, niongoze nisikosee hata jambo moja, maana nilikuwapo siku ile, na ulinishika mimi kabla hujamshika yeyote.

Basi alikuwako Harub, Harub bin Khalfan, simba wa idara, bwana wa kiti kinachozunguka, mpiga mihuri asiyetetereka, mzaliwa wa Bujumbura kando ya ziwa, aliyeletwa Oman akiwa kijana na sanduku la bati, na sasa ana mshahara, ana gari yenye manyoya ya kondoo juu ya viti, na ana maoni juu ya kila jambo lililo chini ya mbingu. Kama angejaaliwa akili nusu ya sauti yake, leo angekuwa waziri. Lakini Mungu hugawa apendavyo, na Harub alipewa sauti.

Na alikuwako shangazi yake, mtukufu Bimdogo, mwanamke mfupi mwenye neno refu, aliyemlea Harub tangu mama yake alipofariki. Bimdogo alikuwa amefiwa na mumewe Nizwa, na nyumba ya marehemu ikarudi kwa warithi wake. Ikawa lazima aende kukaa kwa mmoja wa watoto wa kaka zake: ama kwa Harub, Ibra, ama kwa Hamoud, Samail. Huyu Hamoud ni mtoto wa ami yake Harub, muuza vipuri vya magari, mtu mnene mwenye kucheka polepole. Wote wawili walimtaka. Walimtaka kwa mapenzi, sisemi hapana. Lakini pia kila mtu anajua kwamba alipo mkubwa ndipo ukoo unapokusanyika Idi, na ndugu yako anapolazimika kuja kwako kila Idi, kuanzia siku hiyo hukuamkia wewe kwanza. Bimdogo alikuwa amesema: "Nitakwambieni Idi hii, siku ya pili." Na hakuna mtu aliyethubutu kumkumbusha.

Hapo Harub akapiga mkono kifua, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba siku hiyo ya pili atatukaribisha sote Wahat al-Uns, ili shangazi aone kwa macho yake kwamba mtu anayekaa Ibra hakosi kitu.

Na sasa nikuelezeni hiyo Wahat al-Uns. Tajiri mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu bado ananisalimia, alijenga bustani ya michezo pamoja na vyumba vya wageni kwenye njia ya Sur, ukishaiacha Ibra, mahali ambapo zamani hata mbuzi walikuwa wakipita haraka. Akasimamisha gurudumu kubwa la kuwapandisha watu angani, ambalo huzunguka likipenda. Akachimba bwawa lenye mabomba ya kutelezea, ambayo jua la Juni huyageuza vikaango. Akaweka mjusi wa saruji mwenye meno, ambaye mwaka wa kwanza watoto walimwogopa na mwaka wa pili wakamwandika majina yao mgongoni. Kisha akafungua mkahawa, na hapo ndipo msiba ulipoanza.

Mwanzoni mkahawa ule ulipika wali, samaki na nyama ya kuchoma, watu wakala, wakaondoka wakimshukuru Mungu. Jambo hili liliwatia wasiwasi wenye mahali, kwani walisikia kwamba mambo ya kisasa hayafanyiki hivyo. Ikaletwa menyu ya Kilebanoni, vibakuli vidogo vingi, ambavyo mtu humaliza vyote kisha akauliza chakula kitakuja saa ngapi. Ikaondolewa. Ikaletwa ya Kichina, na baba mmoja wa Bidiya akafukuzana na pande la kuku kwa vijiti mpaka meza ya jirani. Ikaondolewa. Ikaletwa menyu ya ladha za dunia nzima, na dunia nzima ikakaa kwao isije. Kila menyu mpya ilikuja na jalada nene kuliko ya kwanza na chakula chembamba kuliko cha kwanza, na kila meneja mpya alisimama mlangoni akisema kwamba hii ndiyo iliyokuwa ikingojewa.

Katikati ya kuhangaika huko, mwezi wa Shaabani wa mwaka ule wa elfu mbili na nne, walichoka kwa muda, wakarudisha wali na samaki. Na wiki hiyohiyo ndiyo aliyoichagua Harub kwenda kupeleleza. Akala nguru, akala wali, akaramba vidole, akaweka miadi ya meza ndefu kwa siku ya pili ya Idi, akarudi nyumbani kama mtu aliyetia saini mkataba na falme saba. Hakumuuliza mtu kama menyu ile itavuka Ramadhani. Mwezi mzima mkahawa ulikuwa umefungwa mchana, na wenye mahali walikuwa wamekaa na jiko baridi na muda wa kufikiri. Watu wa namna hiyo wakipewa muda wa kufikiri, wali hauponi.

Fahamuni pia ukubwa wa kosa la pili. Watu wetu, tuliotoka Bara na tuliotoka Unguja, hatutoki nyumbani bila sufuria. Twende Tiwi kuogelea kwenye wadi, lile bonde la maji, twende Ashkhara kupunga upepo, sufuria hutangulia: limefungwa blanketi, limewekwa katikati ya miguu ya mtu mzima anayeaminika, na dereva akipiga breki watu hawaulizi nani ameumia, huuliza limemwagika? Mtoto huweza kusahaulika kwenye pampu ya petroli akarudiwa. Sufuria halijapata kusahaulika. Lakini asubuhi ile ya Jumatatu, siku ya pili ya Idi, Harub alinyanyua simu akampigia Hamoud, akatoa amri ambayo haijapata kusikika katika ukoo wetu.

"Msilete chakula. Pale mlangoni pameandikwa, chakula cha nje marufuku."

"Yakhe, pilau imeshaiva," akasema Hamoud.

"Wapeni majirani."

"Majirani nao wana pilau. Ni Idi, bwana."

"Basi itieni kwenye friji. Leo shangazi atakula mezani, kwa kitambaa, kama balozi."

"Balozi wa wapi?" akauliza Hamoud; lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Tukaenda. Tukafika mikono mitupu kama watu waliohamishwa na mafuriko. Watoto wakapanda gurudumu, gurudumu likapenda kidogo kisha likakataa, wakateremshwa kwa ngazi. Na adhuhuri ilipoingia, tukishasali, tukaingia mkahawani kwa safu, Harub mbele, dishdasha imenyooshwa mpaka inalia, akituonyesha mlango kwa mkono wake wa kulia kama kwamba ndiye aliyeuchonga.

Enyi wasikilizaji, kulikuwa na bendera. Bendera za kijani, nyeupe na nyekundu zilining'inia darini, na juu ya meza ya kujipakulia lilikuwa limejipanga jeshi la Italia lote: makaroni marefu, makaroni mafupi, makaroni yaliyoviringishwa kama masikio, piza zenye zeituni zikitukodolea macho, na katikati, sinia baada ya sinia, lazanya, iliyofunikwa jibini kutoka pembe mpaka pembe. Punje ya wali haikuwamo. Mkia wa samaki haukuwamo. Nilimtazama Harub usoni, nikaona rangi ikihama.

Lakini shujaa hakiri mapema. Akampakulia shangazi yake kwa mkono wake mwenyewe, akamwekea mbele, nasi wengine tukajaza sahani zetu tukakaa. Tukangoja. Kwetu hakuna anayeanza kula kabla mkubwa wa kikao hajatia mkono. Hata mtoto wa miaka mitatu analijua hilo, ingawa hulijua kwa kulia.

Bimdogo akaitazama sahani kwa utulivu. "Hiki nini, baba?"

"Lazanya, shangazi. Ni kama sambusa, ila imelala."

"Imelalia nini?"

"Jibini."

"Na hiki?"

"Makaroni kwa maziwa."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, shangazi. Sote wazima."

"Alhamdulillahi," akasema Bimdogo. Akaisogeza sahani kidogo, upana wa vidole viwili hivi, akakunja mikono juu ya buibui lake, akatamka maneno ambayo majemadari wameyakimbia. "Mimi nimeshiba. Kuleni nyinyi."

Ameshiba. Mtu aliyetoka Nizwa alfajiri na kikombe cha chai. Kila mtu pale mezani alijua tafsiri yake, na uma zilizokuwa zimenyanyuliwa zikarudi chini moja moja, bila sauti, kama bendera za jeshi lililoambiwa mfalme amekufa. Maram, binti yake Harub, alikuwa na kipande cha piza kimefika mdomoni; akakirudisha, na nikaona machozi ya kijeshi yakimlengalenga.

Hamoud akacheka polepole. "Maajabu ya Ibra haya. Watu hushiba kwa kutazama. Sisi kwetu Samail hatuna mjusi wa saruji, inabidi tule."

"Ngoja," akasema Harub.

"Nangoja, ndugu yangu. Nina kazi gani nyingine?"

Hapo Harub akainuka kwenda kwenye shambulio la kwanza. Mlangoni, nyuma ya kijimeza chenye maua ya plastiki, alisimama Adil, meneja mpya, kijana mwenye suti nyeusi na tabasamu lililotolewa dukani pamoja na suti. Walipigana kwa Kiarabu cha ofisini, kile cha kuanzia na salamu tano, nami nakufasirieni kadiri ya uwezo wangu.

"Bwana meneja," akanguruma Harub, na meza za karibu zikageuka, "mbele yako amesimama mtu aliyekula hapa Shaabani. Alikula nguru. Alikula wali. Aliondoka na ahadi moyoni. Naomba kujua, mbele ya Mungu na mbele ya wateja hawa, nguru wangu yuko wapi, na wali wangu umehamia nchi gani?"

"Mheshimiwa," akajibu Adil, akiinamisha kichwa, "ule ulikuwa wakati wa mpito. Utawala umefanya utafiti, ukaona kwamba mgeni wa siku hizi haji kula tu. Anakuja kusafiri kwa ulimi. Msimu huu tunasafiri Italia."

"Shangazi yangu ameshasafiri. Alisafiri kutoka Bujumbura mpaka Nizwa na vyombo vyake vyote. Sasa anataka kula."

"Wali upo, mheshimiwa. Upo Alhamisi."

"Leo ni siku gani?"

"Leo Jumatatu."

"Basi nipe mchele. Nipe na sufuria. Nitachemsha mwenyewe."

"Samahani sana. Chakula cha nje marufuku."

"Mchele wako mwenyewe?"

"Ukipikwa na wewe, mheshimiwa, unakuwa wa nje."

Ndugu zangu, nimeona watu wakipigwa kwa fimbo, na mimi mwenyewe nimepigwa na dunia mahali pengi ambapo hapana alama, lakini sijapata kuona mtu akipigwa kwa hoja namna ile. Harub aligeuka. Akarudi mezani kwa hatua za mtu anayekumbuka kitu muhimu mahali pengine.

Najla, mkewe, mfanyakazi wa benki na mwenye akili nyingi nyumbani mwao, akajaribu sulhu. "Baba Maram, mwombee basi mkate mtupu na chai ya rangi. Shangazi, utakunywa chai na mkate?"

"Nimekuja Idi, mwanangu," akasema Bimdogo kwa upole kabisa. "Sikuja kulazwa." Kisha akageuza shingo yake, ile shingo tukufu, upande wa pili wa meza. "Hamoud. Gari yako ina petroli ya kufika Samail?"

Hamoud akaupapasa ufunguo mfukoni. Alikuwa mtu mwungwana, na ushindi mkubwa hivyo hautaki haraka. "Imejaa, shangazi," akasema. "Mpaka juu."

Basi ikawa imekwisha. Pilau ya Samail ilikuwa imelala kwenye friji kama jeshi la akiba, na ilitosha Bimdogo apande ile gari, afike, atie mkono katika sahani ya Hamoud, na asiondoke tena maishani mwake. Na kila Idi, mpaka tufe, Harub bin Khalfan angeendesha gari mpaka Samail akiwa amebeba sanduku la biskuti, agonge mlango wa Hamoud, aseme hodi.

Harub akasema anakwenda kunawa mikono. Mikono yake ilikuwa safi. Akapita mlango wa jikoni, akapita mapipa ya takataka, akatokea uani nyuma ambako mashine za kupoza hewa huunguruma, akasimama pale peke yake kutafuta maneno ya kumwambia shangazi yake. Na ndipo harufu ilipomfikia. Ilikuwa nyembamba kwanza, kama fununu. Kisha ikanenepa. Nazi. Bizari. Ndimu. Na chini ya vyote hivyo, imara kama msingi wa msikiti, papa.

Pua ya Harub, inayosifika idarani kwa kulijua ombi lenye matata kabla halijafunguliwa, ikageuka kushoto, ikamvuta. Palikuwa na mlango wa stoo, umerudishwa tu. Akausukuma.

Ndani, katikati ya makopo ya zeituni yaliyopangwa mpaka darini, alikaa Adil. Koti la suti lilikuwa limetundikwa msumarini. Tai ilikuwa imetupwa begani isilowe. Alikuwa amekalia kasha la makaroni, hotpoti ya bluu yenye maua i wazi katikati ya miguu yake, na vidoleni mwake, limeshafinyangwa, likielekea kinywani, lilikuwamo tonge la wali wa nazi. Na nyuma ya kichwa chake, limeegemezwa ukutani, lilikuwako bango la akiba la kuwekwa mlangoni la kwanza likichakaa: chakula cha nje marufuku.

Wakatazamana.

Angeweza Adil kusimama, avae koti, aseme kwa Kiarabu cha ofisini kwamba hapa ni mahali pa wafanyakazi. Sheria ilikuwa yake, stoo yake, na zeituni zote zingemshuhudilia. Lakini kabla hajawa meneja alikuwa mtoto wa mtu, na huyo mtu alimfundisha, na mafundisho ya namna hiyo hayangoji ruhusa ya utawala. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Karibu," akasema. Kwa Kiswahili.

Tulieni hapa kidogo, kwani tumefika kwenye kilele. Kila aliyelelewa na watu anajua yanayofuata. Ukimkuta mtu anakula, yeye husema karibu, nawe husema starehe. Yeye huendelea na tonge lake, nawe huendelea na njia yako, na heshima za wawili zimehifadhika bila punje kupungua. Hivyo ndivyo tulivyoishi vizazi kwa vizazi bila kufilisiana. Lau kila mtu angeitikia kweli kila karibu anayoambiwa, mitaa mizima ingekufa njaa kabla ya magharibi. Harub alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu utotoni, Bujumbura, aliwahi kuitikia karibu ya jirani akakaa akala, na Bimdogo, Bimdogo huyuhuyu, alimfinya paja usiku ule mpaka akaona nyota za mchana.

Neno la starehe likampanda kifuani. Likafika kooni. Likagonga meno kwa ndani. Na Harub, mwana wa Khalfan, akauma meno, akalirudisha lilikotoka.

"Nimekaribia," akasema.

Tonge likaanguka kwenye hotpoti.

"Nimekaribia, mwanangu," akaendelea, na sauti ile aliyojaaliwa ikapata hatimaye kazi yake, ikatikisa makopo, "na sikukaribia peke yangu. Nina mtu mzima mezani kwako. Amekaa mbele ya jibini tangu tulipotoka kusali, anasema ameshiba. Nyuma yake wamekaa watoto, wameshika uma hawali. Nyuma ya watoto kuna Samail. Wewe umesema karibu, na mimi nimeisikia."

"Ammi," akasema Adil, akipepesa macho, "kumbe wewe unajua Kiswahili?"

"Na wewe kumbe. Sasa hivi ulikuwa Mtaliano."

"Nimesema karibu kwa mazoea tu, ammi."

"Na sisi tutakula kwa mazoea."

"Lakini hii chakula ya mama yangu. Kila siku anapika, analeta mlango ya nyuma. Anasema ile ya mkahawa itaniharibu tumbo."

"Mama yako ana akili. Lile bango amelisoma?"

Adil akageuka akalitazama bango kama kwamba limetundikwa pale na adui. "Nikipita pale mbele na hii hotpoti, wateja wote wataniona. Nitasemaje, ammi? Mimi ndiye niliwaambia."

Harub akatumia silaha ya mwisho, ile isiyokinzika na mtoto yeyote wa kwetu hata akizaliwa Ibra hospitalini. "Adil. Ni mtu mzima."

"Mzima kiasi gani?"

"Kiasi cha kukupiga kofi, na mama yako akamshukuru."

 Adil akafunika hotpoti. Akavaa koti lake, akanyoosha tai yake, na akainuka kutoka kasha la makaroni; na hapo, nasema kwa haki, alikuwa na urefu ambao pale mlangoni hakuwa nao.

Wakatoka, meneja mbele na hotpoti mikononi, Harub nyuma yake kama mlinzi wa hazina, wakapita katikati ya mkahawa uliojaa.  Watu wakaitazama hotpoti ya bluu yenye maua ikipita chini ya bendera za Italia, wakanusa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Adil akaiweka mbele ya Bimdogo, akaifunua, akapakua wali katika sahani safi, akaumwagia mchuzi, na kwa haraka yake akaimwagia dishdasha ya Harub tone moja zito.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba. Nani kapika?"

"Mama."

"Mama yako katokea wapi?"

"Mwanza, bibi."

"Ndiyo maana nyanya zimekuwa nyingi," akasema Bimdogo. Akakunja mkono wa buibui. Akasema bismillahi. Akatia mkono, akafinyanga, akala. Akatafuna bila haraka, huku sisi tukimtazama koo lake kama watu wanaotazama mwezi wa Idi. Akameza. "Na chumvi imepungua kidogo."

Akatia mkono tena.

Uma zikashuka kama mvua ya mawe. Tulikula lazanya baridi, tukala makaroni yaliyoshikana, tukala zeituni pamoja na kokwa zake, na sisemi vilikuwa vitamu, nasema vilikuwapo. Na kwenye meza ya pembeni, familia moja ya Bidiya iliyokuwa imekaa muda mrefu ikichezea mikate, baba yao alimtazama Adil, akaitazama hotpoti, akainama chini ya meza, akafunua blanketi. Kulikuwa na sufuria. Meza ya tatu nao wakainama. Adil aliyakaza macho yake kwenye dari, akasoma bendera moja baada ya nyingine, na hakuona kitu.

Bimdogo alipomaliza, akanawa, huku Adil akimmiminia maji na kumnong'oneza yaliyotokea stoo, akakaa vizuri. Hamoud akatoa ufunguo wa gari akauweka mezani, si kwa kejeli tena, kwa mazoea tu ya mtu aliyeshinda toka asubuhi.

"Rudisha mfukoni, baba," akasema Bimdogo. "Nakwenda Ibra."

"Shangazi, huyu kakuweka na njaa mpaka sasa. Kwangu pilau iko kwenye friji."

"Iko, ndiyo. Kwako mkeo anapika, mama mkweo anapika, mpaka dereva wako anapika. Mimi nije nifanye nini huko, nitazame? Huyu na mkewe wanarudi kazini wamechoka, wanakula mikate ya kwenye karatasi. Mtu mwenye akili zake hawaleti watoto kula vile na akalipia." Akamtazama Najla. "Sikusemi wewe."

"Niseme tu, shangazi," akasema Najla, akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kweli tupu."

"Huyu anahitaji mtu," akahitimisha Bimdogo. Kisha akamgeukia Harub, sauti akaishusha, ingawa sote tulisikia. "Kijana ananiambia kakwambia karibu, na wewe ukaitikia."

"Ndiyo, shangazi."

"Huna haya."

"Sina, shangazi."

Akalitazama doa la dishdasha. Kisha akasukuma mbele yake sahani, iliyobaki tonge moja la wali na kipande kidogo cha papa. "Kula," akasema. "Simama wima, usijimwagie tena."

Menyu ya Wahat al-Uns ilibadilishwa kabla mwezi haujaandama; tunaambiwa sasa ni Ugiriki, na jalada limeongezwa unene. Hayo hayatuhusu. Andikeni nyinyi, enyi wahifadhi wa nasaba na waandikaji wa tarehe, chini ya habari za mifereji ya falaji iliyochimbwa na ngome zilizojengwa, andikeni kwa wino mweusi: kwamba katika mwaka huo, siku ya pili ya Idi, Italia ilishindwa kwenye njia ya Sur. Kwamba mshindi hakuwa na upanga, hakuwa na bunduki, na, tusimpambe mtu kwa uongo, hakuwa na adabu. Na kwamba Harub bin Khalfan, simba wa idara, alipokea ngawira yake, tonge moja, akaila akiwa amesimama wima kama alivyoamriwa, huku shangazi yake, mkaazi mpya wa Ibra, akimshikia leso chini ya kidevu.